Ndoa ya Pili ya Mzazi Aliyefiwa

Mjane ni mwanamke aliyefiwa na mumewe. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane, neno lililomo katika kamusi lakini halisikiki sana mitaani, ambako wengi huwaita wote wawili wajane au husema tu kwamba fulani alifiwa na mkewe. Sababu yake haijifichi. Mwanamke akishafiwa, ujane humganda. Ataitwa mjane wa marehemu fulani hata baada ya miaka 20. Mwanamume hakai katika hali hiyo muda wa kutosha kuzoeleka kwa jina lake. Matanga hayajapoa, shangazi zake wameshaanza kuulizana nani atamlelea watoto, na kabla ya mwaka kuisha ameletewa majina mawili matatu. Hata hivyo mjane na mgane wenye watoto hukutana na maswali yaleyale wanapotaka kuanza upya: lini inafaa, nani aambiwe kwanza, watoto watakaa wapi, na nyumba aliyoiacha marehemu ni ya nani. Katika mji mdogo maswali hayo huulizwa kwa sauti, na majibu yake huonekana na kila apitaye.

Linalotangulia ni muda. Kwa Waislamu muda wa mjane umewekwa: eda ya miezi minne na siku kumi tangu mume alipofariki, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba. Katika siku hizo kizuka, kama anavyoitwa mwambao, hatoki bila haja, hajipambi, hajitii manukato, wala haolewi. Hata posa ya wazi imekatazwa. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, imeacha nafasi ya kudokeza tu, na watu wa mwambao wanaijua vizuri tofauti hiyo. Anayemwambia kizuka kwamba akitoka eda asiwasahau majirani amedokeza; anayemtaka ahadi amevuka mpaka. Mgane hana eda. Dini haimzuii kuoa wiki inayofuata, ingawa watu watamsema.

Wakristo hawana hesabu ya siku. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anamhesabu mjane kuwa huru kuolewa na amtakaye mradi awe mtu wa imani, na kwa msingi huo makanisa hufungisha ndoa ya pili ya aliyefiwa kama ndoa nyingine yoyote. Linalobaki ni desturi. Wapo wanaosubiri arobaini, wapo wanaosubiri ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na familia nyingi za bara huona haya kupokea wageni wa posa ilhali kaburi la marehemu halijajengewa. Kujengea kaburi kuna gharama, hivyo kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka mitatu au minne bila mtu yeyote kukusudia.

Ni kosa kudhani kwamba muda huo, uwe wa dini au wa desturi, umewekwa ili msiba uishe. Eda ilikusudiwa kuhakikisha kama kuna mimba na kumpa marehemu heshima yake. Haikuahidi kwamba siku ya 131 mtu ataamka amesahau. Aliyefiwa huingia katika ndoa ya pili akiwa bado anamkumbuka wa kwanza, na hakuna ubaya. Shaaban Robert (1909–1962) alifiwa na mkewe Amina akaachwa na watoto. Alimlilia kwa shairi lenye jina lake, akawaandikia watoto tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana, na baadaye akaoa tena. Ndoa ile haikupunguza ukweli wa maombolezo.

Mji mdogo nao una namna yake. Sheria ya Tanzania inautambua kama ngazi ya utawala: chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982 ipo mamlaka ya mji mdogo, iliyo juu ya kijiji na chini ya mji kamili. Mikumi, Himo na Kilwa Masoko ni baadhi ya mifano. Kwa mkazi ni mahali penye standi moja, soko moja, kituo cha afya, na shule ambayo walimu wake hununua nyanya kwenye genge lilelile wanaponunua wazazi wa wanafunzi. Dereva wa bodaboda anajua kila mtu analala wapi. Aliyefiwa akipita na mtu asiyezoeleka, habari itamtangulia nyumbani.

Kwa sababu hiyo waliofiwa wa mji mdogo mara nyingi hawaanzi na mtu mgeni. Wamejuana miaka, kilichogeuka ni hali zao. Huyu ni fundi aliyeezeka paa la marehemu. Yule ni muuguzi aliyekuwa zamu wodini katika siku zile za mwisho. Mwingine ni mwalimu wa darasa wa mtoto wa kati. Kikoba ni mahali pengine. Watu wapatao 15 hadi 30 hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na huchangia mfuko wa jamii unaosaidia mwanachama akipata msiba. Mfuko ule uliomsitiri mjane siku ya mazishi uko kwenye sanduku lilelile analokaa mbele yake kila wiki, na miezi kadhaa baadaye anatambua kwamba mtunza hazina huchelewesha kufunga daftari ili watoke pamoja. Kwaya, kamati ya shule, na zamu za kuchota maji kwenye harusi za watu zimekutanisha wengi kwa namna hiyo.

Mapenzi ya umri huu huja yamevaa nguo za msaada. Mlango uliolegea unarekebishwa bila malipo. Gunia la mkaa linashushwa mlangoni na aliyelituma hakutaja jina. Mtoto anayeumwa usiku anapelekwa zahanati na mtu aliyekurupuka usingizini. Vitu hivyo ni vidogo mno kuitwa uchumba, na kwa muda mrefu wahusika wenyewe hawaviiti hivyo. Anayelea watoto peke yake amechoka, na anayemwondolea uchovu anaingia moyoni kabla hajabisha hodi. Ndiyo maana wengi husema kwa dhati kabisa kwamba hawajui ilianza lini.

Macho ya mji hayawatazami wote sawa. Mgane anayebeba kikapu sokoni huonewa huruma, na wanawake humchagulia vitunguu. Mjane anayenunua kitenge kipya huulizwa anakwenda wapi. Mwanamume akioa baada ya miezi sita husemwa amepata wa kumsaidia; mwanamke akifanya hivyo baada ya miaka miwili yapo midomo itakayosema alikuwa naye tangu mume yuko hai, na mibaya zaidi itauliza marehemu alikufaje. Uonevu huu hauna shina katika dini yoyote iliyotajwa hapa. Khadija alikuwa mjane alipoolewa na Mtume Muhammad, na ndiye aliyetuma ujumbe wa posa. Ruthu wa Biblia alikuwa mjane na mgeni alipoolewa na Boazi huko Bethlehemu, mji uliokuwa mdogo nao, na kwa ndoa hiyo akawa mama wa babu yake Daudi.

Wala hauna shina katika sheria. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe, hata kama mila inaelekeza vingine, yuko huru kuishi anakopenda, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe. Kwa aliyeolewa Kiislamu, kinaongeza sharti la kumaliza eda. Kifungu hicho kiliikata desturi ya kurithi wajane, ambayo Wajaluo wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania huiita tero. Kwa makabila yenye desturi hiyo mke aliolewa na ukoo, hivyo mume akifa ukoo ulimteulia ndugu wa kumrithi. Desturi ilikuwa na kazi yake ya haki: mjane asitupwe, watoto wasitawanywe, shamba lisitoke mikononi mwao. Ubaya wake ulikuwa pale mwanamke alipopewa mtu asiyemtaka, na tangu ukimwi uingie, pale alipolazimishwa kulala na mtu kwa jina la kutakaswa. Hata tangazo la serikali la 1963, lililoandika sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, lilitaka mjane aulizwe kwanza kama anakubali.

Mkataba wa Maputo wa 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika umelieleza jambo hilo kwa upana zaidi. Mjane ana haki ya kuolewa tena na mtu amtakaye. Anakuwa mlezi wa watoto wake mume anapofariki, isipokuwa ikiwa kufanya hivyo kunawadhuru watoto. Ana haki ya fungu la haki katika mali ya mumewe na ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa, na akiolewa tena anabaki na haki hiyo ikiwa nyumba ni yake au ameirithi. Tanzania iliuridhia mkataba huo 2007 na Kenya 2010. Pamoja na hayo, sheria za mirathi zimechelewa kuufuata. Lile tangazo la 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, likasema atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania walionyimwa urithi kwa sheria hiyo, kwamba haki zao zilivunjwa. Kenya nayo, katika Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981, ilimpa mjane haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote, lakini haki hiyo ikakoma siku akiolewa tena. Mgane hakuwekewa sharti hilo. Ibara ya 45 ya katiba ya 2010 inawapa mume na mke haki sawa, na kipengele hicho cha urithi kimepingwa mahakamani.

Mirathi ndiyo kiini cha habari yote hii. Ugomvi mwingi unaoitwa wa heshima ya marehemu ni ugomvi wa nyumba. Shemeji anayesema ni mapema mno, mtoto mkubwa anayekataa kumsalimia mgeni, wifi anayekumbusha mema ya kaka yake kila mara: wakisikilizwa kwa makini, wengi wao wanaogopa kwamba mtu mwingine atakuja kukalia kilichojengwa na ndugu yao. Hofu hiyo ina sababu, na haiponi kwa maneno matamu. Inapona kwa karatasi.

Katika mji mdogo karatasi hizo ni chache. Nyumba nyingi hazina hati; zina makubaliano ya mauziano yaliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yenye jina la marehemu peke yake, ingawa tofali zililipwa kwa mikopo ya kikoba ya mke. Mume anapofariki hakuna anayefungua mirathi kwa sababu hakuna ugomvi. Mama anaendelea kukaa, watoto wanaendelea kusoma, chumba cha mbele kinapangishwa. Miaka inapita hivyo. Siku habari za posa zinapovuma ndipo kila mtu anakumbuka kwamba mali haijagawanywa, na kwa kuwa imekumbukwa siku hiyo, mchumba anaonekana ndiye aliyeleta balaa.

Njia yenyewe si ngumu. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi zake za wilaya. Familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na huandika muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Msimamizi huomba uteuzi mahakamani. Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Akishateuliwa hukusanya mali, hulipa madeni ya marehemu, huwagawia warithi, kisha hupeleka hesabu mahakamani. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kudhani kwamba msimamizi ndiye mwenye mali. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, na mjane anaweza kuwa msimamizi kama mtu mwingine.

Mafungu hutegemea sheria inayotumika. Katika Uislamu mke aliyeachwa na watoto wa marehemu hupata thumni, yaani moja ya nane. Kama hakuna mtoto hupata robo. Mume aliyefiwa hupata robo ikiwa mke ameacha watoto, na nusu ikiwa hakuacha. Tuseme mwanamume ameacha nyumba ya thamani ya shilingi milioni 48, mke mmoja, wana wawili na binti mmoja, na wazazi wake walikwishafariki, naye hakuacha deni wala wasia. Mke anapata milioni 6. Milioni 42 zinazobaki hugawanywa mafungu matano, kila mwana mawili na binti moja: milioni 16.8 kwa kila mwana na milioni 8.4 kwa binti. Fungu la mke ni lake tangu mumewe alipokata roho. Kuolewa tena hakuligusi, wala mume mpya hana sehemu ndani yake. Kuna pia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo mahakama za Tanzania huitumia kwa marehemu ambao hawakufuata Uislamu wala maisha ya mila, na ambayo humpa mke theluthi moja na watoto theluthi mbili. Mbali na mafungu hayo, mke ana haki ya kudai kile alichokichuma kwa jasho lake, kwa kuwa mali yake mwenyewe haiwi mirathi ya mumewe.

Hesabu kama hiyo ikishasomwa mbele ya familia, sauti hupungua. Mtoto aliyejua kwamba fungu lake limeandikwa anaweza kumtazama mgeni wa mama yake kama mtu. Mgane naye ana wajibu uleule, ingawa hukumbushwa mara chache. Mkewe aliyefariki alikuwa na kiwanja chake, cherehani yake, hisa zake za kikoba, dhahabu yake. Vyote hivyo vina warithi, na watoto wamo. Mwanamume anayeoa mke wa pili na kumkabidhi kabati la marehemu lenye khanga na vito ndani yake amefanya kosa litakalosemwa mpaka harusi za wajukuu.

Watoto ni jambo lenye kina chake. Mdogo wa miaka minne humzoea mtu kwa wiki chache kisha humshangaza kila mmoja kwa kuuliza baba atarudi lini. Wa miaka 13 anajua kwamba baba harudi, na kwa sababu hiyo anamlinda. Atakataa kula chakula kilicholetwa na mgeni, atashuka alama shuleni, atahamishia picha ya marehemu chumbani kwake. Mkubwa aliyeko Dar es Salaam ana maisha yake, lakini akiipata habari kwa simu ya jirani kabla ya kuambiwa na mzazi, kidonda hicho huchelewa kupona. Kuambiwa kwanza ndiko wanakokutaka watoto wengi wakubwa. Wachache sana wanataka kweli mzazi azeeke peke yake, hasa wakikumbuka ni nani atakayelazimika kumhudumia.

Kiswahili chenyewe hakiwasaidii. Baba wa kambo na mama wa kambo ni maneno yaliyobebeshwa hadithi nyingi za mateso, na katika familia yenye adabu hayatamkwi mbele ya mhusika. Familia hutafuta njia. Wengi huchagua baba mdogo na mama mdogo, majina ya ndugu wa wazazi, ambayo yana heshima na hayamwondoi marehemu kwenye nafasi yake. Wengine humwita kwa jina la mtoto wake, Baba Neema au Mama Salim. Mtoto asilazimishwe kusema baba. Akija kulisema mwenyewe, baada ya mwaka au baada ya miaka kumi, litakuwa limetoka mahali pake.

Wema kwa watoto ndio kipimo ambacho wajane wengi hukiweka mbele ya vingine vyote. Umm Salama, ambaye mumewe alikufa kwa jeraha alilolipata Uhud, alipoposwa na Mtume alieleza mambo yaliyomtia wasiwasi: ana wivu, umri umesogea, na ana watoto. Alijibiwa kwamba umri ni wao wote wawili na kwamba watoto wake watakuwa wa Mtume pia. Masheikh wa mwambao hupenda kukitaja kisa hicho kwenye darasa za ndoa, na wanafanya vizuri. Anayemtaka mzazi kisha akauliza watoto watapelekwa kwa nani, ameshajibu swali alilokuwa hajaulizwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Ada ya shule inayotokana na kodi ya chumba cha mbele haipaswi kugeuka mtaji wa biashara ya mume mpya.

Posa ya mjane haifanani na ya mwari. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, mwari akinyamaza anapoulizwa huhesabiwa ameridhia, lakini mwanamke aliyekwishaolewa lazima atamke kwa kinywa chake. Walii bado anahitajika, ila hana uwezo wa kumwoza kwa nguvu. Mshenga huenda kwa wazee, na mara nyingi walii ni kaka au mwana wake aliyekwishabaleghe kulingana na madhehebu. Kwa Shafii mwana si walii wa mama yake kwa kuwa tu ni mwanawe, hivyo hutafutwa kaka au ami. Mahari yake hutajwa na yeye mwenyewe na huwa mikononi mwake. Sherehe ni ndogo: kadhi au sheikh, mashahidi wawili, kahawa na halua, pilau ya mtaa.

Kwa Wakristo huanza na mchungaji au paroko. Cheti cha kifo hupelekwa pamoja na cheti cha ubatizo ili kuthibitisha kwamba mtu yuko huru, kisha ndoa hutangazwa kanisani, kwa kawaida Jumapili tatu, mtu mwenye pingamizi ajitokeze. Ndoa chini ya Sheria ya 1971 kwa kawaida hutanguliwa na taarifa ya siku 21. Wanaoogopa gharama na macho ya watu hufunga ndoa bomani mbele ya msajili na mashahidi wawili, na ndoa hiyo ina nguvu sawa na nyingine. Linalosikitisha ni wale wanaoamua kuishi tu, kwa kuona haya ya harusi ya pili. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinawadhania kuwa wanandoa waliokaa pamoja miaka miwili na kutambulika hivyo, lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa, na anayeitegemea hulazimika kuithibitisha akiwa tayari amefiwa mara ya pili.

Kabla ya yote hayo kuna kupima afya. Mwenzi wa kwanza huenda alikufa kwa ugonjwa ambao haukutajwa kwenye wasifu uliosomwa kaburini. Kupima virusi vya ukimwi wakiwa pamoja, kituo cha afya, ni jambo la nusu saa. Majibu yakiwa ya maambukizi hayafuti ndoa: anayetumia dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na wapo wengi wanaoishi hivyo.

Swali la mwisho, nalo ni zito kuliko linavyoonekana, ni mahali pa kuishi. Mwanamke kuhamia nyumba ya mgane maana yake ni kuingia jiko la mwenzie, penye vyungu alivyovichagua mwingine, na watoto wanaojua chumvi hukaa wapi. Mwanamume kuhamia nyumba ya mjane ni kugumu zaidi. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mwanamume aliyehamia kwa mke watu humwambia ameolewa, maneno yanayotosha kuvunja nyumba. Tena nyumba hiyo, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha, kwa sehemu kubwa ni ya watoto. Njia iliyowafaa wengi ni ya tatu: kupanga vyumba viwili au kujenga kidogo kidogo mahali papya, nyumba ya marehemu ikabaki kwa watoto au ikapangishwa kwa ada zao. Ni ghali, hasa kwa anayeanza upya akiwa na miaka 45. Lakini mlango mpya haujapita jeneza, na kitanda hakina historia.

Wapo pia wasaka mali. Mji mdogo huwatambua mapema kuliko jiji, kwa kuwa mtu anaulizwa alikotoka na jibu lake hufuatiliwa. Anayeharakisha ndoa ilhali anachelewesha kukutana na ndugu, anayeulizia hati kabla ya kuulizia majina ya watoto, anayetaka mkopo wa kikoba uchukuliwe kwa jina la mjane: huyo ajulikane kwa wazee mapema. Mali iliyokwisha kugawanywa na kuandikwa humpunguzia hamu kuliko onyo lolote.

Mzazi ambaye moyo wake umeshaanza kumwelekea mtu, na mirathi ya mwenzake wa kwanza bado haijafunguliwa, asianze na mshenga. Aende wilayani achukue cheti cha kifo, awaite watoto na wakwe, na kikao hicho kikishaandikwa muhtasari, awatajie kwa jina mtu anayetaka kuishi naye.